Mtoto Anayekataa Kulala: Sababu Zake na Namna ya Kumsaidia

Jioni ni wakati mgumu kwa kaya yenye watoto wadogo. Chakula hakijaiva, vyombo havijaoshwa, anayerudi kutoka shambani au sokoni ndiyo kwanza anatua mzigo, na katikati ya shughuli hizo zote yupo mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye macho yake yamekwisha kulegea, lakini hataki kusikia habari ya kitanda. Akilazwa huinuka. Akifunikwa huomba maji. Akipewa maji huomba kwenda chooni. Akitoka chooni humkumbuka bibi yake aliye mbali. Mvutano huo mara nyingi huishia katika kilio cha mtoto, na wakati mwingine katika kofi la mzazi.

Jambo hili ni la kawaida, na kwa sababu hiyo kaya nyingi hulivumilia kama sehemu ya malezi isiyo na dawa. Hata hivyo, athari zake hazibaki chumbani. Mtoto aliyelala kidogo huamka na hasira, hula kwa shida, hulia kwa jambo dogo, na akifika darasa la awali husinzia wakati wenzake wanahesabu. Mzazi naye huianza siku akiwa amechoka. Makala haya yanaeleza kwa nini mtoto mdogo hukataa kulala, ni hatua zipi zinazoweza kuchukuliwa nyumbani bila gharama, na ni wakati gani inafaa kuomba msaada katika zahanati au ofisi ya kata.

Kiasi cha usingizi anachohitaji mtoto

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu usingizi, michezo na muda wa kukaa mbele ya skrini kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mtoto mchanga wa hadi miezi 3 huhitaji kulala saa 14 hadi 17 kwa siku. Wa miezi 4 hadi 11, saa 12 hadi 16. Wa mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14. Na wa miaka 3 hadi 4, saa 10 hadi 13. Hesabu hiyo inajumuisha usingizi wa mchana. Mwongozo unasisitiza pia kwamba saa za kulala na kuamka zisibadilike ovyo kila siku.

Ni vema kila mzazi akafanya hesabu hiyo kwa mtoto wake mwenyewe. Mfano ni mtoto wa miaka mitatu anayeamka saa 12 asubuhi na kulala mchana kwa saa moja na nusu. Akipata usingizi saa 2:30 usiku, atakuwa amelala saa tisa na nusu usiku, na jumla yake ni saa 11, kiasi kinachomtosha. Akilala saa 5 usiku na kuamka saa ile ile ya asubuhi, usiku wake ni wa saa 7 tu na jumla ni saa nane na nusu. Hapo atakuwa amepungukiwa saa moja na nusu hata kwa kiwango cha chini kabisa cha umri wake. Kwa siku saba, pengo hilo hufikia zaidi ya saa 10, yaani sawa na usiku mzima usiolaliwa.

Kwa nini hukataa

Sababu ya kwanza imo mwilini. Giza linapoingia, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuarifu mwili kuwa usiku umewadia. Mwanga mkali hupunguza homoni hiyo, na macho ya watoto wadogo huathirika kwa mwanga kuliko ya watu wazima. Tanzania iko karibu na mstari wa ikweta, na kwa hiyo jua huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Hilo ni faida kubwa kwa mlezi, kwa kuwa giza lenyewe humsaidia kazi. Faida hiyo hupotea pale taa kali ya chumbani, televisheni na simu vinapomulika uso wa mtoto mpaka saa 4 usiku.

Sababu ya pili ni usingizi wa mchana. Kadiri mtoto anavyokaa macho, ndivyo haja ya kulala inavyojikusanya mwilini mwake. Akilala saa 11 jioni akiwa mgongoni mwa mama anayerudi kutoka sokoni, haja hiyo huisha kabla ya usiku kufika, naye hawezi kuipata upya saa 2. Si ukaidi, ni mwili usio na deni la usingizi.

Sababu ya tatu huonekana kama kinyume cha hiyo ya pili, nayo ni uchovu uliopita kiasi. Mtoto aliyepitwa na saa yake hasinzii taratibu kama mtu mzima. Mwili wake hutoa homoni za kumweka macho, naye huanza kukimbia, kucheka ovyo, kurusha vitu na kulia bila sababu inayoeleweka. Wazazi wengi humwona katika hali hiyo na kuhitimisha kwamba hana usingizi. Ukweli ni kwamba usingizi alikuwa nao, ila dirisha lake lilifungwa bila yeyote kulitazama. Dalili za mapema ni tulivu zaidi: kufikicha macho, kuvuta sikio, kunyonya kidole, kukodoa macho mahali pamoja na kupoteza hamu ya mchezo. Huo ndio wakati wa kumlaza.

Sababu ya nne ni ya moyo. Kuanzia nusu ya pili ya mwaka wake wa kwanza, mtoto hutambua kwamba mlezi wake anaweza kuondoka, lakini hana hakika kama atarudi. Kwake, usiku ni kutengana. Afikapo umri wa miaka miwili na kuendelea, fikra zake hupanuka kuliko uwezo wake wa kupambanua, hivyo nguo iliyotundikwa ukutani huweza kugeuka mnyama gizani. Katika umri huo huo hugundua pia neno «sitaki», na hulijaribu kila mahali, kitanda kikiwa mojawapo.

Sababu ya tano ni mazoea. Mtoto ambaye kila siku hupata usingizi akiwa ananyonya, akibebwa mgongoni au akibembelezwa mikononi, hujifunza kwamba usingizi huja kwa njia hiyo tu. Watu wote huzinduka kidogo mara kadhaa usiku na kurudi usingizini bila kukumbuka. Mtoto wa aina hiyo, azindukapo saa 8 usiku, huyataka yale yale yaliyomlaza mwanzo. Kubeba na kubembeleza si kosa, na kwa mtoto mchanga ni haja ya lazima. Lakini mtoto anapokua, inafaa alazwe akiwa amesinzia ila hajalala kabisa, ili azoee kuimalizia safari hiyo mwenyewe.

Saa ya kulala na chandarua

Katika maeneo yenye malaria, suala hili lina uzito wa pekee. Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi kati ya machweo na mapambazuko, na watoto walio chini ya miaka mitano ndio walio katika hatari kubwa ya kuugua malaria kali. Mtoto aliyelazwa saa 2 chini ya chandarua chenye dawa amelindwa tangu saa hiyo. Anayezunguka sebuleni na barazani hadi saa 5 hana kinga hiyo kwa saa tatu nzima, na anayeinuka kitandani mara nne huacha chandarua wazi mara nne.

Vyandarua vyenye dawa hutolewa katika kliniki za afya ya mama na mtoto kwa mjamzito anapohudhuria kwa mara ya kwanza, na kwa mtoto anapopata chanjo ya surua ya umri wa miezi 9. Kaya ambayo haikupata wakati huo iulize katika zahanati yake, ikiwa na kadi ya kliniki. Chandarua kichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote, na matundu yashonwe. Kibatari au mshumaa usiwekwe karibu nacho, wala jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku, kwa kuwa hewa yake yenye sumu haina harufu ya kumwamsha aliyelala.

Utaratibu wa jioni

Mtoto mdogo hasomi saa. Anachokisoma ni mfuatano wa mambo. Mambo manne au matano yakifanyika kwa mpangilio ule ule kila jioni, la kwanza humwambia la pili linakuja, na la mwisho humwambia ni usingizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 nchini Marekani uliwahusisha akina mama 405 wenye watoto wa kati ya miezi 7 na 36. Waliofuata utaratibu maalumu wa kuoga, kukandwa mwili kwa mafuta au losheni na shughuli tulivu, taa zikizimwa ndani ya nusu saa, waliona watoto wao wakipata usingizi haraka zaidi na kuamka mara chache usiku. Mabadiliko hayo yalionekana katika wiki mbili tu, na hali ya akina mama wenyewe ikawa njema zaidi.

Hakuna kitu katika utaratibu huo kinachohitaji fedha. Kwa kaya ya kawaida unaweza kupangwa hivi:

Saa 12:30 jioni, mtoto ale. Si lazima chakula cha watu wazima kiwe tayari. Uji mzito, wali uliobaki mchana au ndizi na maharage vinatosha. Kumngojesha mtoto ugali unaoiva saa 3 ni chanzo kimojawapo kikubwa cha kuchelewa kulala. Chai ya majani, kahawa na soda za kola zisitolewe, kwani zina kafeini inayofukuza usingizi.

Saa 1:15 usiku, aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta taratibu na kuvishwa nguo za kulalia.

Saa 1:40, televisheni izimwe au mtoto aondolewe mbele yake, na taa ipunguzwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu skrini kwa mtoto asiyetimiza miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne muda usizidi saa moja kwa siku. Simu isiwe kibembelezo cha mwisho.

Saa 1:50, apelekwe chooni, anywe maji kidogo, kisha aingie chini ya chandarua. Mahitaji yake yote yatimizwe kabla, ili yasibaki kuwa sababu za kuinuka.

Saa 2, asikie hadithi moja fupi au wimbo wa kubembeleza. Hapa jamii zetu hazina upungufu: sungura na fisi wamewalaza watoto wengi kabla ya umeme kufika. Hadithi iwe moja, na iwe ile inayoishia kwa amani.

Asubuhi nayo ni sehemu ya utaratibu. Mtoto aamshwe saa ile ile, hata siku za mapumziko, na atolewe nje apate mwanga wa jua na kucheza. Usingizi wa mchana uishe kabla ya saa 10 alasiri.

Iwapo mtoto amezoea kulala saa 4, haifai kumlazimisha saa 2 kuanzia leo, kwani atalala macho na kukichukia kitanda. Inafaa aanzie karibu na saa yake ya sasa, kisha arudishwe nyuma kwa dakika 15 kila baada ya siku chache. Haba na haba hujaza kibaba.

Pale chumba ni kimoja

Ushauri mwingi kuhusu usingizi wa watoto huandikwa kwa nyumba ambazo mtoto ana chumba chake. Katika kata nyingi wazazi na watoto hutumia chumba kimoja, na pengine kitanda kimoja. Utaratibu hauvunjiki kwa sababu hiyo. Kinachotakiwa ni kona ya usiku: mkeka au godoro upande wa chumba ulio mbali na taa, kitenge au shuka lililotundikwa kama pazia, na sauti zilizoshushwa kwa nusu saa ya kwanza. Mazungumzo na kazi za mikono huweza kuhamia barazani kwa muda huo. Wapangaji wanaotumia ua mmoja wanaweza kukubaliana saa ya kupunguza redio, na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji anaweza kuwasaidia kufikia makubaliano hayo.

Mama afanyaye biashara ya usiku au baba arudiye saa 3 ana haki ya kumwona mtoto wake. Hata hivyo, kumwamsha mtoto ili acheze na mzazi aliyerudi huvunja kazi yote ya jioni. Nusu saa ya pamoja alfajiri, mtoto akiwa mchangamfu, ina thamani kubwa kwake. La muhimu zaidi ni kwamba walezi wote, wakiwamo bibi, dada mkubwa na msaidizi wa nyumbani, wafuate mpangilio mmoja. Mtoto atambuaye kwamba bibi huruhusu alichokataza mama ataomba kwa bibi kila usiku.

Anapoinuka tena

Mtoto akitoka kitandani baada ya taa kupunguzwa, arudishwe kwa utulivu na maneno machache yasiyobadilika: «Sasa ni usiku, mwanangu, tunalala.» Mjadala, mzaha na hasira vyote ni malipo kwake, kwa kuwa vyote vinampa alichokitafuta, yaani kuwa pamoja na watu. Siku mbili au tatu za mwanzo huenda kilio kikazidi kabla hakijapungua. Mzazi akilegeza siku ya tatu, mtoto atakuwa amejifunza kwamba siku tatu za kilio zinatosha.

Kwa mtoto wa miaka mitatu na kuendelea ipo mbinu iliyoelezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1999. Mtoto hupewa kadi moja kila usiku, nayo ni ruhusa ya kutoka mara moja tu, kwa kukumbatiwa, kunywa maji au kwenda chooni. Akishaitumia, mzazi huichukua hadi kesho. Kadi hiyo inaweza kuwa kipande cha boksi kilichochorwa nyota au kitu kingine kisichoweza kumezwa. Nguvu yake ni kwamba mtoto anabaki na neno katika jambo linalomhusu, na watoto wengi huitunza ruhusa yao hadi usingizi ukawachukua.

Mtoto mwenye hofu asichekwe wala asibishiwe. Aonyeshwe nguo iliyomtisha, aiguse, kisha iondolewe. Mlezi amwahidi kurudi kumtazama baada ya muda mfupi, na ahadi hiyo itimizwe kweli.

Mambo matatu ya kuepukwa

La kwanza ni vitisho. Kumwambia mtoto kwamba asipolala zimwi, askari au daktari mwenye sindano atakuja humnyamazisha kwa usiku mmoja, lakini humwongezea sababu ya kuogopa giza usiku unaofuata. Kisha siku ya chanjo hufika, na mtoto aliyetishiwa daktari hupiga mayowe tangu langoni mwa zahanati.

La pili ni kipigo. Mwili wa mtoto aliyepigwa huingia katika hali ya tahadhari, na tahadhari ni adui wa usingizi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Mzazi anayehisi hasira zinamshinda anaweza kumlaza mtoto mahali salama, akatoka nje, akavuta pumzi kwa dakika chache na kurudi. Kuomba kupokewa na jirani au ndugu ni busara, wala si aibu.

La tatu ni dawa. Baadhi ya watu huwapa watoto dawa za mafua, za mzio au za kikohozi ili wasinzie. Promethazine, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kuzuia pumzi ya mtoto aliye chini ya miaka miwili na kumsababishia kifo. Pombe, hata kijiko kimoja, na mitishamba isiyojulikana kipimo chake havina nafasi katika usingizi wa mtoto. Dawa itolewe tu kwa maelekezo ya mtaalamu wa afya.

Wakati wa kufika zahanati

Wapo watoto ambao hawalali kwa sababu wanaumwa. Mtoto anayejikuna sehemu ya haja kubwa usiku huenda ana minyoo. Dawa ya minyoo hutolewa kwa watoto wa miezi 12 hadi 59 mara mbili kwa mwaka, sambamba na matone ya vitamini A. Anayekoroma karibu kila usiku, anayelala mdomo wazi au ambaye pumzi yake hukatika na kurudi kwa mshtuko anahitaji kuchunguzwa koo na pua. Anayekohoa usiku mfululizo, anayelalamika maumivu ya sikio au ya mifupa, au aliyepauka viganja na macho apelekwe pia.

Baadhi ya watoto huketi ghafla usiku, hupiga kelele macho yakiwa wazi na hawamtambui mzazi, kisha hulala tena na asubuhi hawakumbuki lolote. Hayo ni mashtuko ya usingizini, ambayo kwa kawaida huisha kadiri mtoto anavyokua. Alindwe asijiumize, asiamshwe kwa nguvu. Lakini mtoto mwenye homa kali, anayekakamaa au kutikisika viungo, anayepumua kwa shida au aliyelegea asiweze kunyonya wala kunywa, apelekwe kituo cha kutolea huduma usiku huo huo. Degedege si jambo la kungojea mapambazuko.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuulizwa kuhusu usingizi wanapotembelea kaya, na siku ya kliniki ni nafasi nzuri ya kulitaja jambo hili pamoja na uzito na chanjo. Malezi yenye mwitikio ni sehemu ya Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Pale ambapo kukosa usingizi kunatokana na ugomvi wa nyumbani, ulevi au ukatili, mlango wa kubisha ni wa Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo.

Kaya itakayotaka kuanza leo haina haja ya kubadili kila kitu kwa pamoja. Inatosha mtoto ale mapema, televisheni izimwe kabla ya saa 2, na chandarua kishushwe saa ile ile kwa siku 14 mfululizo. Baada ya hapo mzazi atakuwa na jambo la kulinganisha: saa ambayo mtoto alilala wiki ya kwanza, na saa anayolala sasa.